Jailos na Majibu Yake ya Akiba

Mume wangu Jailos hakuwahi kumchelewesha mtu dirishani. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu ndilo alilopenda lisemwe, hata mbele ya wageni waliokuja kunywa chai tu, na kwa sababu ndilo lililonipotezea ng'ombe wangu Mabaka, mama yangu akakosa maziwa. Sifa zake nyingine ni hizi: alikuwa hanywi, hanipigi, anaimba besi katika kwaya ya Moraviani, na viatu vyake anaving'arisha mwenyewe. Mama aliposikia hayo kule kwetu Ilula, Iringa, alisema, "Basi olewa naye, ila mtazame vizuri." Nikamtazama. Nikaona viatu.

Kazi yake ilikuwa ukarani wa maulizo katika ofisi moja ya mifugo kando ya barabara kuu, ukishalipita soko la Uyole kama unaelekea Chimala. Jina la ofisi silitaji, waliokuwamo wanajijua. Ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Watu wamehamishiwa vijiji vipya, majosho mapya yamechimbwa, vizuizi vipya vimewekwa barabarani, na Wasukuma wameanza kuingia Usangu na makundi yao. Kila mtu ana swali. Chanjo lini? Josho liko wapi? Ng'ombe akitaka kupanda lori apate karatasi kwa nani? Na aliyejua majibu mle ofisini alikuwa mmoja tu, Bwana Mifugo Sedekia, msomi mpole aliyekaa chumba cha ndani akiandika polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Foleni ilitoka dirishani ikafika barabarani, malori ya Zambia yakawa yanaipigia honi.

Ndipo Jailos akaleta utaratibu. Jamani, utaratibu! Mwanaume huyu hakujua chumvi inakaa wapi nyumbani kwake, lakini utaratibu aliujua.

Ulikuwa hivi. Mwenye shida anaandika karatasi. Mstari wa kwanza ni swali, na swali lipigiwe mstari chini. Halafu yanafuata maelezo: yeye ni nani, anakaa wapi, ng'ombe wake wangapi, wana hali gani. Jailos anasoma mstari wa kwanza tu. Kama swali hilo halijawahi kuulizwa, karatasi inakwenda ndani kwa Bwana Sedekia, ambaye anaisoma yote, juu hadi chini, na kumjibu mtu yule kufuatana na hali yake. Jibu likitoka, Jailos analifuta jina la mwulizaji, linapigwa taipu kwenye stensili, anazungusha mashine ya kurudufia nakala sitini, zote anazigonga muhuri wa duara na kuzitia sahihi yake, kisha anazipanga kwenye rafu nyuma ya kiti chake. Tangu hapo, yeyote atakayeleta swali lile anapewa karatasi kabla hajafunga mdomo. Mpaka nakala sitini ziishe, Bwana Sedekia hasumbuliwi tena; zikiisha, swali linarudi kwake upya.

Aliyaita majibu ya akiba. Nakala nyingine alizituma kwenye ofisi za kata na makanisani, zikasomwe kwenye matangazo, ili watu wasihangaike kuja mpaka Uyole. Mkubwa mmoja alipita, akaitazama rafu, akasema ofisi nyingine zije kujifunza hapa. Jailos alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mrefu kuliko alivyoondoka.

"Na yale maelezo ya chini?" nilimwuliza.

"Yale ni ya Bwana Sedekia. Mimi nashughulika na swali."

"Na kama maswali ni sawa, ila watu si sawa?"

"Mama Atu," aliniita kwa jina la binti yetu Atuganile, kama alivyofanya akitaka kunionyesha kwamba ananivumilia, "swali ni swali."

Sasa wewe mwerevu umeshaliona tundu. Jibu lilipikwa kwa chumvi ya mtu mmoja, likapakuliwa kwa watu sitini. Jina alilifuta, chumvi akaiacha.

Tundu hilo lilijionyesha mapema, wala hatukulijali. Mzee mmoja wa Igurusi aliuliza namna ya kumnywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Chini akaeleza kwamba ng'ombe wake ana pembe moja, nyingine ilivunjika. Bwana Sedekia kwa wema wake akamjibu: mfunge kamba kwenye pembe iliyobaki, inua kichwa, mimina dawa taratibu. Jibu zuri sana. Likarudufiwa. Mwezi ule Usangu nzima ikawa inaulizana pembe iliyobaki ni ipi. Wengi walifunga popote wakaendelea na kazi. Lakini mfugaji mmoja wa Chunya, mtiifu kupita kiasi, alishika msumeno wa mbao akamkata dume wake pembe ya kulia ili dawa ifanye kazi, kisha akamswaga dume yule hadi ofisini, tuone kwamba ametekeleza.

"Kosa ni la yule mzee wa Igurusi," Jailos alisema. "Kwa nini aliuliza na pembe yake?"

Nilicheka siku tatu. Niliwahadithia wanawake wa kwaya, wakacheka mpaka mwalimu akatufukuza mazoezini. Bwana Sedekia alisema lazima jambo fulani lifanyike, na jambo likafanyika: nakala za pembe zikaondolewa rafuni. Utaratibu wenyewe ukabaki pale pale.

Hadithi ya pembe ilifika hadi kwenye mgahawa wa sokoni, na pale mgahawani alikaa Saulo. Huyu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa maneno laini, mwenye kofia aliyoivua hata kwa watoto. Mwenye mgahawa alinieleza baadaye kwamba watu wote walicheka, Saulo naye akacheka, lakini aliacha kabla ya wenzake. Akaagiza chai ya pili. Akauliza, kama mtu anayeuliza tu, zile nakala zikiisha rafuni inakuwaje.

Kulikuwa na swali lililoulizwa kila siku: ng'ombe wa kusafirishwa kwa lori akaguliwe wapi? Jibu la akiba lilisema wazi, aletwe kwenye uwanja wa ofisi. Basi Saulo akawatuma ndugu zake, mashemeji zake na vibarua wake, mmoja mmoja, wakaulize swali hilo hilo. Wakachukua nakala, na kabla siku mbili hazijapita rafu ikabaki tupu. Jailos alifurahi kweli kweli. "Swali la safari limetia fora wiki hii," aliniambia huku akila.

Rafu ilipokauka tu, Saulo akatokea dirishani, kofia mkononi. Swali ni lile lile. Chini akaandika maelezo: kwamba yeye ana zizi lake mahali panapoitwa Kwa Kalinga, kwenye njia panda, kwamba ana ng'ombe kadhaa na anahofia wengine ni dhaifu, na anaomba Bwana Mifugo amhurumie aende kuwaona huko huko. Hakuandika neno hata moja la uongo. Bwana Sedekia akamhurumia. Akamjibu: "Wafikishe ng'ombe zizini Kwa Kalinga, njia panda, asubuhi kabla hawajanyweshwa. Watakaguliwa hapo hapo. Atakayeonekana mgonjwa asipakiwe garini, aachwe hapo zizini." Na siku aliyomwahidi alikwenda kweli, akakagua ng'ombe sita wa Saulo, akarudi zake ofisini.

Kwa Saulo lilikuwa jibu sahihi kabisa. Jailos akafuta jina la Saulo, akazungusha nakala sitini, akazigonga muhuri.

Wiki hiyo hiyo kaka yangu aliniletea habari kutoka Ilula. Mama yuko hoi. Tumbo halipokei ugali, halipokei maharage, halipokei hata viazi. Kinachokaa ni maziwa tu, na maziwa kwao hayakuwepo, majirani walimgawia kikombe leo, kesho hawana. Mimi nilikuwa na Mabaka. Alikuwa ng'ombe wangu mwenyewe, si wa Jailos. Nilimpata kwa kumtunzia shangazi yake Jailos mifugo miaka minne. Mwekundu mwenye madoa meupe, ana ndama mchanga, anakamuliwa bila kufungwa miguu, na maziwa yake mazito mpaka kijiko kinasita. Nikasema Mabaka aende Ilula na ndama wake. Mika, dereva wa lori tuliyesali naye, angepita Alhamisi akirudi mtupu kutoka Tunduma. Kilichobaki ni karatasi ya ukaguzi, maana bila hiyo kizuizini wasingemruhusu kupita.

Jioni, Jailos akiwa mezani, nikamwuliza. "Baba Atu, Mabaka akaguliwe wapi?"

Akatafuna, akameza, akaweka kijiko chini. "Mama Atu, ofisi ina dirisha. Nikikujibu hapa mezani, kesho jirani naye atakuja mezani. Maswali ya ofisi yanaulizwa ofisini."

"Mama yangu anaumwa!"

"Ndiyo maana hutacheleweshwa."

Ala! Nilipandwa na hasira. Nikasema moyoni, haya bwana, nitakuonyesha. Kesho yake nikajitanda kanga yangu nzuri nikapanga foleni nyuma ya wafugaji, na kwenye karatasi yangu nikaandika swali, nikalipigia mstari chini kama alivyotaka. Kisha katika maelezo nikaandika: "Mimi ni mke wako. Ng'ombe ni Mabaka. Ukirudi nyumbani njoo na kibiriti."

Foleni ilikwenda mbio. Nilifika dirishani, nikaona utosi wake, nikaona mkono unapokea karatasi, jicho likapita juu kwenye mstari wa kwanza, mkono mwingine ukaenda nyuma rafuni bila yeye kugeuka. Nikapewa nakala yangu, wino wa muhuri bado mbichi.

"Anayefuata!"

Alirudi jioni bila kibiriti.

Nitasema nini? Nakala niliisoma. Najua kusoma, nilifika darasa la nane kwa masista. Nikaona Kwa Kalinga, nikajiambia aa, wamehamisha ukaguzi. Mimi, niliyecheka siku tatu kwa ajili ya pembe! Sikujiuliza zizi hilo ni la nani. Muhuri ulikuwa pale, na sahihi ya mume wangu, ile ile aliyotia kwenye cheti chetu cha ndoa. Hata Jailos sikumwonyesha. Nilikuwa bado nimemnunia, na pia nilitaka aone kwamba naweza kufuata utaratibu wake bila msaada wake.

Alhamisi asubuhi nikamswaga Mabaka na ndama hadi njia panda. Pale zizini palikuwa na wafugaji wengine wanne, kila mmoja na karatasi kama yangu. Saulo alitupokea akiwa amevaa koti jeupe. Hakusema yeye ni daktari. Alivaa koti tu, mengine tulijazia wenyewe.

Akampapasa Mabaka shingoni, akaweka sikio ubavuni. Kisha akatikisa kichwa. "Pole, mama. Mapafu."

"Mapafu gani? Mbona anakula vizuri!"

"Hao wanaokula vizuri ndio wabaya zaidi. Anaficha." Akaivua kofia. "Akionekana kizuizini wanampiga risasi na kumchoma moto yeye na mtoto wake. Lakini sitaki uniamini mimi. Soma karatasi yako."

Nikaisoma. Atakayeonekana mgonjwa asipakiwe garini, aachwe hapo zizini. Machozi yakanitoka pale pale mbele ya watu. Saulo alinihurumia, akaniambia mtu hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu akiwa na mgonjwa, akanipa mbuzi wawili. Mabeberu wawili, Mungu wangu, kwa mgonjwa anayetaka maziwa! Na mimi nikamshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikamshukuru, na hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Jailos alipokuja kula mchana akawakuta mabeberu wamefungwa kwenye mparachichi wanakula kanga yangu.

"Hawa ni nani?"

"Ni Mabaka," nikasema. "Amegeuka." Nikamtupia karatasi.

Akaisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma jibu lake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye neno zizini alirudi nyuma, akasoma tena. Kisha akakaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye kizingiti, na suruali yake ya kazi.

"Hili ni jibu la Saulo," akasema. "Hili si lako."

"Sahihi ya nani?"

"Marta, hili si jibu lako." Hakuwahi kuniita Marta tangu tuzae. Nilitaka kumpiga na mwiko, na nilitaka kulia naye. Nikafanya la tatu, nikamwambia asimame twende njia panda.

Tulipitia ofisini kwanza. Akaingia, akaiangalia rafu, nakala zilizobaki zilikuwa tisa. Hamsini na moja zilikuwa nje, na kumi kati ya hizo zilikuwa makanisani, zimesomwa Jumapili mbele ya watu ambao idadi yao hata Bwana Sedekia hakuijua. Bwana Sedekia alipoelezwa akashika kichwa. Jailos akachukua muhuri na kidau cha wino, akavitia mfukoni, tukaondoka wote watatu.

Zizini Mabaka hayupo. Ndama hayupo. Hata nyayo zao kwenye matope sikuziona. Saulo alikuwa anakunywa maji kwenye kata, koti jeupe limetundikwa kwenye mti.

"Yule mwenye mapafu?" akasema kwa huzuni. "Amefariki."

"Ngozi iko wapi?" nikamkemea.

"Tumeifukia, mama. Afya ya umma."

"Umewaibia watu!" Jailos alipaza sauti, ile besi yake ya kwaya ikapasuka katikati.

Saulo akatoa nakala mfukoni, imekunjwa vizuri, akaikunjua. "Ndugu Karani, mimi niliuliza swali. Ofisi ikanijibu. Hawa watu wamekuja kwangu na karatasi zenye muhuri, mimi nimewaita? Imeandikwa waachwe hapo zizini, wameachwa. Hebu nioneshe hapa neno nililoliandika mimi."

Jailos akaipokea, akaitazama. Hakukuwa na neno. Askari tuliyemleta baadaye aliisoma mara mbili, akavua kofia akajikuna, akatuuliza kama tunataka kumshitaki mtu kwa kutii maelekezo yetu. Ng'ombe waliokuwa bado zizini walirudishwa kwa wenyewe. Waliokwisha kupakiwa walikuwa wameshakwenda kuuzwa.

Tukiwa bado tunabishana pale, vumbi likatimka upande wa Usangu. Alikuja mama mmoja wa Kisukuma, jina lake Mbuke, mjane, na ng'ombe saba mbele yake. Alikuwa ametembea siku mbili ili wakaguliwe, wapakiwe lori kwenda kwa wanawe. Nakala aliifunga kwenye pindo la kanga. Kusoma hajui, alisomewa kanisani. Jailos akasimama katikati ya njia, akanyoosha mikono.

"Mama, rudi! Usiingie humu!"

"Mwangaluka, mwanangu," Mbuke akamsalimu, maana yeye alikuwa na adabu. "Nimeambiwa na ofisi nije hapa."

"Ofisi imekosea."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuandikia hiyo karatasi."

Mbuke akafungua pindo, akatoa karatasi, akamtazama yeye, akaitazama karatasi. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. "Sasa mwanangu, ulinidanganya ulipoandika, au unanidanganya sasa?"

Jailos alifungua mdomo. Mtu ambaye hakuwahi kumchelewesha mtu alisimama pale hadi ng'ombe wakaanza kula majani kando ya njia. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nilipoandika sikukujua, mama. Sikujua kama upo."

Mbuke hakusogea. Basi Jailos akapiga goti pale barabarani, akaweka karatasi ya Mbuke juu ya paja, akaandika kwa mkono chini yake kwamba jibu la juu limefutwa na ng'ombe hawa saba wakaguliwe kwenye uwanja wa ofisi, akatoa muhuri mfukoni akaugonga. Mbuke alipouona muhuri akaguna, akairudisha karatasi kwenye pindo, akawageuza ng'ombe wake. Bwana Sedekia akawafuata kwa mguu hadi ofisini akawakagua wote. Walikuwa wazima.

Siku tatu Jailos alishinda njia panda na muhuri wake, jua na mvua, akiwageuza watu. Wengine walimwamini, wengine walimtukana, na mmoja alimchapa fimbo ya mgongo kwa kupinga maagizo ya ofisi. Aliporudi dirishani alianza kusoma kila karatasi yote, juu hadi chini. Anakuuliza unatoka wapi. Anakuuliza ng'ombe wako wana pembe ngapi. Rafu akaigeuza kabati la vikombe. Foleni ikarudi barabarani, malori yakarudi kupiga honi, na watu wakaanza kusema yule karani wa zamani alikuwa afadhali. Yule mkubwa akapita tena, akamwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Jailos aliniletea nikamsomea kwa sauti, na nakiri nilicheka kidogo.

Lakini hayo ya barua yalikuja baadaye. Ile wiki ya njia panda mimi sikukaa kuyaangalia. Mika aliningoja siku moja zaidi, nikapanda lori lake lililokuwa na nafasi ya ng'ombe wanne, nikakaa peke yangu na kibuyu cha maziwa ya kununua ambayo yaliganda kabla hatujafika Makambako.

Nilimkuta mama amelala nje juani, mdogo kama mtoto. "Kamwene, mama," nikamwamkia, nikapiga magoti. Akaniitikia, kisha macho yake yakanipita yakaenda nyuma yangu, kwenye njia. Kaka alikuwa amemwambia naja na ng'ombe. Alikuwa amewaambia majirani. Kamba walishaiandaa, imeviringishwa vizuri pembeni ya mkeka.

Nikamweleza yote. Nilimweleza Saulo, na koti, na mabeberu, na nakala sitini. Nilimweleza dirisha na foleni. Sikuficha hata kibiriti. Mama alisikiliza hadi mwisho, akapumua, akanishika kidole.

"Mwanangu, huyo mumeo mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo, mama."

"Mnalala kitanda kimoja?"

"Kimoja."

"Na ulipopata karatasi yake, ukalala nayo usiku mzima usimwonyeshe?"

Nikaenda jikoni nikampikia uji mwepesi wa maji, akanywa vijiko vitatu, akasema ameshiba.

Alikufa wiki ya pili yake. Jailos alikuja kuzika, akaimba besi pembeni ya kaburi, akalia wazi mbele ya watu kuliko hata kaka zangu, na tangu siku hiyo hajaacha kusema kwamba yeye ndiye aliyemkosesha mama yangu maziwa. Mimi humwacha aseme. Swali la mama sijamwambia mpaka leo, na yeye hajawahi kuniuliza.